Inchi Saba Kutoka Kwenye Alama

Sutter Bend, Nebraska
Jumapili, 13 Januari 1985

Kwako mdogo wangu Verle,

Tulipoteza ubingwa wa kanda wa vyuo, katika futiboli ya Kimarekani, Jumamosi ya tarehe 19 Novemba 1983, saa kumi na dakika kumi na moja jioni, kumi na saba kwa kumi na sita, saa ya uwanja ikiwa imebakiza sekunde nne. Pigo langu la pointi tatu, wewe umepiga goti kunishikia mpira, lilikuwa la yadi thelathini na nne. Mpira ulipita nje ya mlingoti wa kulia wa goli kwa upana wa kofia. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonikalisha hapa kuandika, na wewe unanijua, kuzungukazunguka sikuwezi.

Salamu sasa. Sisi huku wazima. Baba nyonga inamsumbua baridi ikizidi, lakini ni heri apande trekta kuliko aulizwe hali. Mama anakusalimu na anauliza kama Yakima kuna kanisa. Mimi biashara ya pampu za visima inakwenda. Nilianza na gari la kuazima na spana mbili, sasa nina magari matatu na vijana wanne. Je, wewe hujambo? Magoti hayajambo? Nasikia unalaza vigae kwenye mabafu ya watu. Kama ni kweli, basi hukubadilisha kazi, umebadilisha uwanja tu.

Sasa nisikilize. Miezi kumi na minne nimelibeba pigo lile peke yangu. Mwaka ule nilipiga mara ishirini na tatu, nikaingiza ishirini na mbili. Muulize mtu yeyote hapa mjini akutajie moja tu kati ya hizo ishirini na mbili. Wanaume wanasukumana kwenye tope saa tatu nzima, kisha wanamwita mtu mmoja mwenye suruali safi, wanamwambia, haya, malizia. Akimalizia, wameshinda wao. Akikosa, kashindwa yeye.

Alhamisi nilikuwa mkahawani kwa Dorla. Mzee Reinhold Bauer akanyoosha mkono mezani, akasema, "Orrin, nipe hiyo chumvi. La, usinirushie, itaenda kulia." Wote wakacheka, hata Dorla mwenyewe na birika lake la kahawa mkononi. Nami nikacheka. Nikampelekea chumvi hadi mkononi.

Mwezi uliopita kocha wetu alistaafu, akasafisha stoo yake. Akanipa mkebe wa filamu ya mchezo ule. "Chukua," akaniambia, "mimi nikiiona tena nitaumwa." Nikaazima mashine ya kuonyeshea picha, nikatundika shuka karakana kwangu, nikaitazama mara moja. Halafu nikaitazama mara arobaini.

Mpira wetu una urefu wa inchi kumi na moja. Ukijua hilo, kila kitu kingine kwenye picha kinapimika. Kabla wapinzani hawajasimamisha saa ya mchezo mara ya pili, kidole chako kinachoonyesha mahali pa mpira kiko kwenye alama niliyoikanyaga mimi, kando ya mstari wa chokaa. Baada ya kusimamisha saa, kidole chako kiko inchi saba nyuma, upande wangu. Mimi sikuona. Unajua kawaida yangu: nikishaweka alama na kuhesabu hatua, nawapa wote mgongo, natazama bendera mpaka waamuzi wamalize mambo yao. Nilipogeuka, nilipiga nikiamini mpira uko pale nilipoweka alama. Ila haukuwa pale.

Inchi saba, Verle. Mguu wa kushoto ulitua mbele kupita kawaida, wa kulia ukaukuta mpira kabla haujamaliza kuzunguka. Mpira wa namna hiyo huenda kulia. Ulikwenda kulia.

Sikuulizi kwa hasira. Nakuuliza kwa futi kamba. Uliusogeza, au hukuusogeza?

Kaka yako,
Orrin


Yakima, Washington
Jumamosi, 2 Februari 1985

Kwako kaka yangu Orrin,

Salamu nyingi sana, zikufikie wewe, Baba na Mama, na yule mbwa mwenye sikio moja kama bado anapumua. Mimi ni mzima. Kikohozi cha Krismasi kimeisha. Mwambie Mama kanisa lipo, na mchungaji anahubiri dakika kumi na mbili tu, kwa hiyo nahudhuria.

Ni kweli nalaza vigae. Riziki yangu bado iko magotini. Bosi wangu ni Mholanzi mmoja anayeitwa Harm, mtu mpole mpaka uweke kigae upande. Wiki iliyopita tumemaliza jiko la daktari, mita na mita za vigae vyeupe. Mke wa daktari akaja, akasimama katikati, akasema, "Nilidhani nilisema krimu." Harm akatoka nje akaiangalia theluji kwa muda mrefu.

Huku ni matofaa kila upande, ila sasa miti imebaki mifupa. Nina chumba juu ya duka la viatu. Nina sahani mbili. Mama akipata nafasi anitumie ile mikate yake ya kabeji na nyama, aifunge kwenye gazeti, itafika ikiwa imara zaidi.

Kuhusu hiyo filamu. Kaka, hiyo mashine si ile ya kanisani iliyomwonyesha Musa ana vichwa viwili? Picha za zamani hutikisika. Mtu akizikodolea mara arobaini ataona lolote. Na siku ile kulikuwa na upepo, usisahau, na baridi iliyokaza vidole vya kila mtu, na kelele, na wale jamaa wakisimamisha saa kila tukikaa. Mambo mengi yalipita kwa wakati mmoja. Mimi sijui nikuambie nini zaidi ya kwamba mambo yale yamepita. Watu wa Sutter Bend hawana televisheni nzuri, ndiyo maana bado wanakuongelea.

Hongera kwa gari la tatu. Msalimie Dorla. Reinhold Bauer usimsalimie.

Mdogo wako,
Verle


Sutter Bend, Nebraska
Jumapili, 10 Februari 1985

Mdogo wangu Verle,

Nimepokea barua yako, nashukuru kwa salamu, mbwa anapumua. Mikate inakuja na Mama ametia kumi na miwili. Nafurahi kusikia kikohozi kimekwisha.

Ukurasa mzima na nusu, Verle. Nimeusoma nimesimama, nikausoma nimekaa. "Ndiyo" haimo. "Hapana" haimo. Yumo Musa, yumo Mholanzi, umo upepo.

Haya, tuanze na upepo. Bendera niliyokuwa naitazama ilikuwa imelala kwenye mlingoti wake kama taulo. Iko kwenye filamu. Upepo haukuwepo.

Tuje kwenye baridi. Ilikuwa baridi ileile kwenye pigo la yadi arobaini na moja katika robo ya pili, na lile liliingia katikati kabisa, ukishika wewe. Vidole vyako wakati ule havikukaza.

Unasema mambo yamepita. Kwako yamepita, umehamia kwenye matofaa. Mimi nakuambia hayajapita, tena nitakuambia kwa hesabu ili usiseme ni maneno ya mtu mwenye kinyongo.

Sikuacha kupiga. Kila siku kazi ikiisha naenda nyuma ya ghala, kwenye milingoti aliyotujengea Baba kwa mabomba ya umwagiliaji. Nimechomelea kishikio cha chuma cha kusimamishia mpira. Kwa kishikio, yadi arobaini, naingiza arobaini na saba kati ya hamsini. Mtu anayepiga hivyo ana haki ya kuandikia timu za kulipwa, na nimeziandikia, timu kumi na tisa. Lakini kwenye mchezo kishikio cha chuma hakiruhusiwi. Lazima awepo binadamu ambaye amepiga goti na kuweka kidole. Basi nikamleta Galen Wirth wa hapo jirani, anayeshika vizuri tu, nikapiga tena hamsini. Thelathini na moja.

Mpira ni uleule, na mguu ni uleule. Tofauti ni jicho. Nusu sekunde kabla ya mguu kufika, jicho langu linashuka kwenye kidole cha Galen kuhakikisha kama bado kipo pale nilipokiacha. Kichwa kikishuka, bega linafuata, na mpira unakwenda unakotaka. Galen anasema, "Orrin, mbona unanitazama kama nimekuibia?"

Timu ikiniita, sitapigia kishikio. Nitapigia kidole cha mtu nisiyemjua. Nina miaka ishirini na mitano. Mguu huu umebakiza misimu miwili tu ya kupata timu ya kuanzia, haizidi hapo. Ndiyo maana nakuuliza. Kama mpira hukuusogeza, basi filamu inasema uongo, mimi nilikosa kihalali, na nitalifunga jambo hili nikae na pampu zangu. Kama uliusogeza, nataka nijue ni kwa sababu gani, maana kitu chenye sababu kinatengenezeka. Hiki nilichonacho sasa hakina jina, na pampu isiyojulikana ina ugonjwa gani huwezi kuitengeneza.

Kwa hiyo nauliza tena. Uliusogeza?

Kaka yako,
Orrin


Sutter Bend, Nebraska
Jumapili, 24 Machi 1985

Kwako Verle,

Natumaini hujambo. Huku theluji imeondoka, tope limebaki, Mama ana mafua madogo. Mikate ilifika? Hata hilo hukusema.

Wiki sita sasa. Niliuliza posta kama barua za Yakima zinapotea, yule mama akaniangalia kwa huruma nisiyoihitaji.

Naandika kwa sababu ya Baba. Jumatano alikuja karakana kutafuta mkanda wa pampu, akanikuta na filamu ukutani. Tangu siku ya mchezo ule hajawahi kulitaja pigo lile, si kwa wema si kwa ubaya, unajua alivyo. Safari hii akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa. "Irudishe," akasema. Nikairudisha. Akasema tena, "Irudishe." Mara nne. Ya nne nikaisimamisha pale kidole chako kinaposogea, nikampa futi kamba nikamwonyesha. Hakuitazama futi kamba. Alikuwa anatazama ardhi, chini ya kidole chako.

Kisha akainuka, akashika nyonga, akasema, "Huyo mtoto kafanya nilivyomfundisha."

Nikamwambia, "Baba, unasema nini?"

Akasema, "Mkanda wa inchi mbili unao au huna?"

Nikampa mkanda. Akaenda zake. Nilimfuata hadi kwenye gari, nikamuuliza tena, akaniambia, "Mimi sikuwepo pale chini. Muulize aliyepiga goti."

Basi nakuuliza wewe uliyepiga goti. Silali vizuri, chakula nakula nimesimama, juzi nimefunga pampu ya mtu kinyumenyume, mimi, ambaye sijawahi kurudishiwa kazi. Alikufundisha nini?

Kaka yako,
Orrin


Yakima, Washington
Jumapili ya Pasaka, 7 Aprili 1985

Kaka Orrin,

Salamu za Pasaka kwako na kwa wazazi wetu. Mama apone haraka. Mimi mwili mzima, mengine utayaona mwenyewe. Mikate ilifika yote kumi na miwili, na nilikula minne kabla ya kuvua koti. Nisamehe kwa kimya. Barua zako zote tatu ziko hapa mezani chini ya kigae.

Ndiyo. Niliusogeza.

Sasa nimeshaiandika, naona kumbe ni neno moja tu.

Alama yako ilikuwa juu ya barafu. Siyo kipande kikubwa, kama sahani hivi. Upande ule wa kusini theluji ilikuwa imeyeyuka mchana ikaganda tena, na nyasi zimelala juu yake, kwa hiyo ukisimama huioni. Hata mimi sikuiona mwanzoni. Waliposimamisha saa mara ya pili, nikiwa bado nimepiga goti, niliweka kiganja chini nijiegemeze, nikaisikia. Mguu wako wa kushoto ungetua pale pale juu yake. Nilimwona mchezaji wao robo ya tatu akianguka chali karibu na hapo. Nikapapasa nyuma. Inchi saba nyuma ardhi ilikuwa nzuri, ngumu, kavu.

Unakumbuka Baba alipokuwa anakushikia, kabla yangu? Akikuta shimo la panya shambani, au bonge la tope, anausogeza mpira mpaka ardhi nzuri. Nilikuwa nakaa kwenye uzio natazama. Aliponikabidhi kazi hiyo mwaka 1973, somo lilikuwa moja tu: "Kidole chako kiwe mahali pa kusimama mtu, siyo mahali palipoandikwa." Ndilo nililofanya.

Ila Baba alikuwa anasema kwa sauti. "Nyuma kidogo." Wewe unarudi nyuma kidogo, unapiga.

Mimi sikusema, na unajua kwa nini, kwa sababu sheria ni ya kwako. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nilikuwa naongea sana, ulikosa mapigo mawili nikikuambia habari za sungura. Ukanikalisha nyuma ya ghala ukaniambia, "Mimi nikishaweka alama, wewe ni nguzo. Nguzo haisemi. Ukisema neno, utalisha nguruwe wiki nzima badala yangu." Nimelisha nguruwe wale wiki nne, kaka. Halafu nikajifunza. Miaka kumi nimepiga goti mbele yako bila kufungua mdomo, na timu nzima ikajifunza kwako. Hata kocha alikuwa hapiti karibu yako. Unasema umeachwa peke yako na watu wote. Ni wewe uliyewafundisha kukaa kimya.

Kwa hiyo fikiria. Umenipa mgongo, unatazama bendera. Nina sekunde thelathini hivi. Nilifungua mdomo. Nilisema kabisa "Or—" na kilichotoka kilikuwa moshi tu wa baridi. Nikawaza: nikimwita sasa, sekunde nne zimebaki, watu elfu sita wanapiga kelele, nitamvuruga, atakosa, na itakuwa mdomo wangu ule ule wa sungura. Nikawaza pia: atageuka, ataona kidole kilipo, atajirekebisha, yeye huona kila kitu. Hukuona. Ulikuwa umeniamini. Hilo ndilo sikulipigia hesabu.

Mguu ulitua ukingoni mwa barafu kwa sababu mpira ulikuwa karibu; ungetua katikati yake, labda ungeteleza, labda usingeteleza. Sijui. Nimelaza vigae mwaka mzima nikiwaza hilo na sijui.

Hayo ni ya uwanjani. Yanayofuata ni mabaya zaidi.

Kule chumbani baada ya mchezo, mwandishi wa gazeti alikuja na daftari lake, nawe umekaa na kiatu kimoja mguuni. Ukasema, "Ushikaji ulikuwa mzuri. Kosa ni langu peke yangu." Mimi nilikuwa kwenye benchi hilo hilo. Goti langu liligusa lako. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale, hakukuwa na sheria ya nguzo pale, na sikusema. Ulikuwa umelisema vizuri mno. Kila mtu alikupiga begani. Nikajiambia nitamwambia kwenye gari. Kwenye gari nikajiambia nyumbani. Nyumbani Mama alikuwa ameshapakua supu. Kesho yake lilikuwa limeshakuwa zito, na mwezi uliofuata halikuinuka tena. Nikaondoka. Mlisema nimekimbia shule. Niliukimbia wema wako wa kunitetea bila kujua.

Huo ndio ugonjwa wa pampu yako. Nisamehe, au usinisamehe, lakini nilitaka usiangalie tena kidole cha Galen. Galen hajafanya kitu.

Mdogo wako,
Verle


Sutter Bend, Nebraska
Jumapili, 16 Juni 1985

Kwako mdogo wangu Verle,

Salamu. Sisi wazima. Mama amepona tangu Aprili, mahindi yamefika gotini, leo ni siku ya akina baba, na Mama amemlazimisha Baba kuvaa shati jipya. Natumaini wewe na Harm mnaendelea, na yule mke wa daktari ameridhika na weupe.

Wiki kumi sikukujibu. Niliandika barua tatu, nikazitia jikoni kwenye moto. Ya kwanza ilikuwa matusi. Ya pili nilikusamehe kwa namna ambayo ningekuwa wewe ningeirudisha. Ya tatu ilikuwa hesabu tupu: nilijaribu kugawa lawama, kiasi gani cha aliyesogeza bila kusema, kiasi gani cha aliyekataza kusema, kiasi gani cha barafu. Nimegawanya mashamba ya ndugu waliogombana hapa wilayani na hakuna aliyelalamika. Hiyo ilinishinda. Kila nikiigawa inabaki.

Basi nikafanya ninachokijua, nikaenda kupima. Niliweka kishikio cha chuma, nikahesabu hatua zangu, nikageuka, nikamwambia Galen akisogeze inchi saba upande wangu, nami nisitazame. Mapigo ishirini. Kumi na saba yalikwenda kulia. Kwa hiyo umesema kweli, na filamu imesema kweli.

Baba alikuwa kwenye uzio anaangalia. Alipochoka kuangalia akaja, akamwambia Galen, "Toa hilo chuma." Akashuka chini. Unajua nyonga ilivyo, alishuka kwa vituo vitatu kama ngamia, na mimi na Galen tukajifanya tunatazama mawingu. Miaka kumi na miwili hajanishikia mpira. Nikaweka alama, nikarudi hatua tatu, kushoto hatua mbili, nikageuka kutazama ghala kama kawaida yangu. Nikasikia nyuma yangu, "Nyuma kidogo."

Sikufikiri. Nilirudi kidogo. Nikapiga.

Katikati kabisa. Nilipokuwa namsaidia kuinuka ndipo nikagundua kwamba sikuangalia kidole chake hata mara moja. Nilikuwa nimesikia kilipo.

Nikamwuliza, "Pale palikuwa na nini?" Akasema, "Hapakuwa na kitu. Nilitaka kuona kama bado unasikia."

Nimezunguka na jambo hilo siku nane. Nimezunguka nalo kwenye gari, visimani, mezani mpaka Mama akaninyang'anya uma niliokuwa naugongagonga. Sitakuambia kwamba sina kinyongo. Ninacho. Ulikaa benchi moja na mimi ukaniacha niseme uongo huku nikidhani ni ukweli, na hilo sijui litaisha lini. Lakini kama ungesema neno siku ile, ningekutukana mbele ya watu elfu sita. Nalijua hilo. Nilitengeneza watu kumi na mmoja wanaoogopa kuniambia ardhi ni mbovu, kisha nikashangaa nikiteleza.

Sasa sikiliza kwa makini, maana ndiyo sababu ya barua hii.

Katika timu kumi na tisa nilizoziandikia, kumi na nane zilinyamaza au kunishukuru. Moja imeniita. Jina silitaji hadi nitie sahihi, usije ukalitaja kwa Harm akaliwekea kigae. Majaribio ni Jumanne, tarehe 9 Julai, saa nne kamili asubuhi. Tunaitwa wapigaji wanne, nafasi ni moja. Kila mmoja anapiga mara kumi na tano, kuanzia yadi ishirini na tano hadi hamsini na mbili, kwenye uwanja wao wa nyasi, na mvua ikinyesha hawaahirishi. Barua yao inasema mpigaji anaweza kuja na mshika mpira wake mwenyewe, au atapewa wa kwao.

Nikipewa wa kwao, nimeshakuambia: thelathini na moja kati ya hamsini. Hawamchukui mtu wa thelathini na moja. Baba hawezi kushuka mara kumi na tano. Galen ana mikono mizuri, lakini sijui Galen akinyamaza ananyamazia nini.

Wewe nakujua unanyamazia nini.

Sheria ya nguzo nimeifuta. Nimeifuta leo, nimewaambia Baba na Mama mezani wawe mashahidi, na Mama akasema ilikuwa sheria ya kijinga tangu mwanzo. Ukija, sheria ni hii: ardhi ikiwa mbovu, useme. Kidole kikisogea hata kwa upana wa kucha, useme. Nikiwa nimekupa mgongo, piga kelele. Waamuzi wakishangaa, wapinzani wakicheka, useme. Habari za sungura unaweza kuzihifadhi hadi tumalize.

Basi la kuja huku njia panda linaondoka Yakima Ijumaa na Jumatatu. Ukipanda la Jumatatu tarehe mosi Julai, utafika Jumatano, nasi tutakuwa na siku tano za kufanya mazoezi nyuma ya ghala, mapigo sitini kwa siku, mia tatu. Zinatosha. Siku nne hazitoshi, nimeshapiga hesabu.

Sitaki barua ndefu. Sitaki Musa wala upepo. Karakana kuna simu, namba unayo, piga na mimi nitalipia. Jumapili ya tarehe 30 Juni nitakaa kando yake kuanzia saa mbili asubuhi, baada ya hapo saa sita mchana nawapigia wale watu kuwaambia jina la mshika mpira wangu, au kuwaambia sina. Saa sita na dakika moja nitakuwa nimeshawaambia.

Nguzo ya chuma ninayo tayari, Verle, nimeichomelea mwenyewe. Nataka mtu. Utakuja kunipigia goti, ndiyo au hapana?

Kaka yako,
Orrin